Kichina, Bandari na Baba wa Makurunge

Mdogo wangu wa Makurunge, Bagamoyo, hongera kwa kuchaguliwa chuo. Shahada ya utalii si haba kwa mtoto aliyekulia kwenye njia ya kwenda hifadhi ya Saadani. Umeniandikia kwamba unataka kozi zako za hiari ziwe za lugha na tamaduni za Asia, Kichina kikiwa mbele, na baba amekujibu, "Kichina cha nini, na bandari yenyewe imelala?" Wewe umenuna. Mimi nimecheka, maana mzee ana hoja.

Wasomaji wa mbali niwakumbushe kidogo. Machi 2013 Rais Xi Jinping alikuja Dar es Salaam, na katika mikataba iliyotiwa saini ulikuwamo wa bandari ya Bagamoyo. Oktoba 2015 Rais Kikwete akaweka jiwe la msingi. Mwaka 2019 Rais Magufuli akayakataa hadharani masharti ya wawekezaji, na 2021 Rais Samia akatangaza kwamba mazungumzo yanafufuliwa. Sasa fikiria mtu aliyeanza Kichina 2013 kwa ajili ya kazi za bandari hiyo tu, pale Mbegani. Angekuwa amehitimu, ameoa, ana watoto, na bado anangoja meli. Hapo usibishane na baba. Mwambie tu, kweli baba, lugha haisomwi kwa kuutegemea mradi mmoja.

Halafu umkumbushe TAZARA. Reli ile ilijengwa na Wachina 1970 hadi 1975. Mradi ukaisha, lakini Wachina hawakuisha: wako kwenye barabara, kwenye maduka ya Kariakoo, hospitalini, na siku hizi kwenye magari ya watalii. Miradi huja na kuondoka, watu hubaki wakizungumza.

Ila na wewe nikuulize: Kichina utakifanyia nini? Shahada ni wali, lugha ni mchuzi, na sijaona mtu aliyealikwa kula mchuzi mtupu. Mwongoza watalii anayejua Kichina ana kitu mkononi. Anayejua Kichina tu, bila fani, atashindana na Wachina wenyewe, nao wamezaliwa nacho. Kwa bahati wewe fani unayo, na nyumbani kwenu kuna kazi ya kuifanyia. Nenda kwenye magofu ya Kaole. Pana msikiti wa karne ya 13, pana makaburi ya nguzo, na pana vyombo vya Kichina vilivyofika pwani hii kwa biashara ya bahari kabla hata mji wa Bagamoyo haujasikika. Mgeni kutoka China akisimama mbele ya bakuli la kwao, nani amsimulie kwa lugha yake lilivyofika hapo? Mimi ningetaka awe wewe.

Kitu kimoja kimenikera kidogo katika barua yako, nikuambie kama dada. Umeandika "Asia" ukimaanisha China na Korea. Mji wenu wa Bagamoyo umejaa Asia nyingine. Sewa Haji Paroo, Mhindi aliyezaliwa Zanzibar mwaka 1851, alitajirika kwa kuiuzia misafara ya bara bidhaa na kuipatia wapagazi kutoka hapohapo Bagamoyo, na shule aliyoijenga ikapokea watoto wa kila rangi. Oman nayo ni Asia, na kama ulipita madrasa basi maandishi ya Kiarabu unayasoma tayari, hata kama kukizungumza bado. Chuo kikiwa na kozi ya historia ya Bahari ya Hindi, ichukue kabla ya kozi yoyote ya lugha. Itakupa sababu ya kukesha na zile herufi za Kichina.

Maana utakesha. Kichina kina toni, silabi moja ukiipandisha au kuishusha umesema jambo jingine. Katika mtihani wa Kichina wa HSK, ngazi ya nne, yenye maneno kama 1,200 kwa mtaala uliozoeleka, ndiyo vyuo vingi vya China huiuliza kwa anayetaka kusoma shahada kwa Kichina. Matokeo yake kwa kuombea chuo huhesabika miaka miwili, kwa hiyo usiukimbilie mwaka wa kwanza ukaja kuhitimu cheti kimeshapoa. Na kumsalimia "ni hao" kila Mchina unayepishana naye mtaani si kujua lugha, tafadhali.

Kikorea, ambacho umekitaja kwa aibu kwa sababu ya tamthilia, wala usikionee aibu. Alfabeti yake ina herufi 24 za msingi, mtu mwenye bidii huzishika kwa siku chache. Shida huanzia kwenye sarufi na namna zake za heshima, ingawa mtoto wa pwani aliyefundishwa kuamkia wakubwa hatashangaa sana. Kupenda tamthilia ni sababu nzuri kuliko ahadi ya ajira. Ahadi ikikwama unaacha daftari, lakini tamthilia utaitazama hata bumu, ile pesa ya mkopo wa chuo, likichelewa.

Sasa ya ofisini. Shahada ya miaka mitatu ina krediti 360, 120 kwa mwaka, na za hiari ni sehemu ndogo tu. Muulize mratibu wa idara maswali haya ana kwa ana: je, kozi ya lugha ya idara nyingine inaruhusiwa kwenye programu yangu? Itaingia kwenye GPA? Ratiba haigongani na kozi za lazima? Vyuo vya Dar es Salaam na Dodoma vina Taasisi ya Confucius tangu 2013, lakini cheti cha kozi fupi ni kitu kimoja na kozi inayoonekana kwenye matokeo yako ni kitu kingine. Mwisho wa kubadilisha kozi huwa wiki za mwanzo wa muhula, usingoje mpaka uzoee hosteli.

Na Kiswahili chako ni mtaji. Kinafundishwa Beijing, Seoul na Osaka, na wanafunzi wa huko wanatafuta mtu wa kuzungumza naye. Mpe mmoja wao saa moja ya Kiswahili, akupe saa moja ya lugha yake. Tangu tamthilia ya Kichina ya Doudou na mama wakwe zake ilipotiwa sauti za Kiswahili na kuonyeshwa kwenye televisheni ya TBC mwaka 2011, kazi za kutafsiri na kutia sauti zimekuwa ajira halisi kwa Watanzania, na anayeelewa lugha zote mbili haongozwi na tafsiri ya Kiingereza.

Kwa baba, omba muhula mmoja tu wa kozi moja. Matokeo yakitoka mpelekee mwenyewe, umsomee. Habari za Kikorea ziache kwanza, mzee apumue.