SOMO: NG'OMBE HUYU NI WA NANI?

Somo hili ni la kutumiwa katika vikundi vya akina mama, akina baba na vijana. Lisomeni pamoja polepole, halafu mjadiliane. Mtahitaji punje za mahindi tu.

1. Hadithi

Mama mmoja alikuja kutuona asubuhi na mapema, viatu vimejaa tope. Alikuwa amerudi kutoka matanga ya shangazi yake, akakuta kamba tu zizini. Ng'ombe ameuzwa! Bwana yake alikuwa amemuuza ili kulipa deni la hospitali la ndugu yake. Baba huyu si mlevi, wala si mtu mbaya. Alikuwa na shida ya haraka, na mnunuzi akaja na pesa mkononi. Lakini karo ya binti yao wa kidato cha pili ilitoka kwa maziwa ya ng'ombe huyo. Muhula huo msichana alikaa nyumbani.

Tulipowatembelea, baba alisema, "Ng'ombe alikuwa wangu. Nilimnunua kwa pesa ya kahawa."

Hatukubishana naye. Tulimwuliza tu: "Mzee, huyo ng'ombe alikuwa akinywa mitungi mingapi ya maji kwa siku?" Akanyamaza, akamwangalia mkewe. Mama akajibu mara moja: "Mitatu. Akiwa na maziwa mengi, minne." Kisha akaongeza jambo ambalo hatujalisahau: "Mimi sikulilia ng'ombe. Nililia kutoulizwa."

2. Tuhesabu kazi

Ng'ombe wa gredi anayefungiwa zizini hawezi kujitafutia. Ni lazima aletewe kila kitu. Ng'ombe mkubwa hula kilo 70 hivi za nepia mbichi kwa siku. Kwa kila lita ya maziwa anahitaji lita 4 hadi 5 za maji. Basi ng'ombe wa lita 12 anataka lita 48 hadi 60, yaani karibu mitungi mitatu ya lita 20. Kama kisima kiko bondeni, hizo ni safari tatu za kupanda mlima na mzigo mgongoni. Bado kuna kukamua asubuhi na jioni, na kutoa mbolea. Na ndama akizaliwa usiku, lazima mtu aamke ahakikishe amenyonya dang'a, yale maziwa ya kwanza, katika saa chache za mwanzo.

Zoezi: Akina baba wakae peke yao na akina mama peke yao. Kila kikundi kichore chini kazi hizi: kukata nepia, kuteka maji, kukamua, kusafisha zizi, kunyunyizia dawa ya kupe, kurekebisha zizi, kuita daktari, kupeleka maziwa. Kwa kila kazi gaweni punje 10 kati ya baba, mama, wasichana na wavulana, kulingana na anayeifanya. Mwisho fanyeni vivyo hivyo kwa maswali mawili: Nani hupokea pesa? Nani huamua kuuza?

Sasa tembeleaneni mwone. Mara nyingi michoro haifanani, na hapo kicheko huanza. Acheni watu wacheke, lakini msiishie hapo. Na kazi ya baba isidharauliwe: mara nyingi yeye ndiye aliyejenga zizi na kupanda nepia.

3. Sheria inasema nini?

Wengi hufikiri kwamba mwenye mali ni yule aliyetoa pesa peke yake. Sivyo. Katiba ya Kenya ya 2010, kifungu cha 45, inasema mume na mke wana haki sawa wakati wa ndoa. Sheria ya Mali ya Ndoa ya 2013 inahesabu pia mchango usio wa pesa: kazi za nyumbani, kulea watoto na kazi ya shamba. Kwa hiyo ile mitungi ya maji ni mchango, hata kama haina risiti.

Lakini hatuwafundishi haya ili mkimbilie mahakamani. Tunataka mzungumze mezani kabla mnunuzi hajafika mlangoni.

4. Makubaliano ya nyumbani

Kila familia ijaribu mambo haya manne:

(a) Maziwa ya watoto na ya chai yatolewe kwanza. Yanayobaki ndiyo ya kuuza.

(b) Muwe na daftari moja. Andikeni maziwa ya kila siku, pesa iliyoingia na iliyotoka. Daftari likae mahali ambapo wote wanalifikia.

(c) Mnyama asiuzwe kabla baba na mama hawajakaa pamoja. Watoto wakubwa nao wasikizwe, kwa maana nepia wanakata wao.

(d) Kazi ya mtoto isimchelewesheshe shule. Ikiwa msichana anateka maji, mvulana naye ateke.

5. Maswali ya kujadiliana

- Nyumbani kwenu, nani anajua ng'ombe atazaa lini? Nani anajua bei yake?
- Shida ya haraka ikitokea, kama ile ya hospitali, familia ifanye nini kabla ya kuuza?
- Yule baba angefanya nini tofauti? Na mama je?

Mwisho

Familia ile haijapata ng'ombe mwingine. Walianza tena na mbuzi wawili wa maziwa. Binti alirudi shuleni muhula uliofuata, ingawa alilazimika kukimbiza wenzake. Juzi tulipopita, baba ndiye aliyekuwa akiteka maji. Alitwambia, "Kumbe huu mlima ni mrefu!" Mama alikuwa ameketi kivulini, akiandika kwenye daftari.