Tunakwenda Kucheza Ugenini: Tujue Yatakayotukuta Uwanjani

Mavuno yakiisha, vijana wa Tarime na Serengeti huanza kutafutana kwa mpira. Kata hii inaalika kata ile. Mshindi hupewa ng'ombe, wa pili mbuzi. Mchezo ni furaha. Lakini sote tunajua kwamba kwetu ng'ombe ni kitu kikubwa. Tena tunajua kwamba ugomvi wa watu wawili uwanjani unaweza kuwa ugomvi wa kijiji na kijiji.

Siku moja tulikwenda kutazama mchezo wa namna hiyo. Wageni walivuka Mto Mara wamejazana garini. Walitakiwa kufika saa 7 mchana, wakafika saa 9. Walikuwa wamechoka, na hawajala. Kufika tu, wenyeji wakasema: "Leo kila kipindi ni dakika 30, giza litatukuta."

Wageni wakajibu: "Aa, sisi tunajua dakika 45!"

Kabla hilo halijaisha, mtu akapiga kelele: "Yule pale si wa kata yao! Mamluki huyo!"

"Nani kasema mamluki hawaruhusiwi? Imeandikwa wapi?"

Kweli, haikuandikwa popote. Mpira haukuchezwa. Watu walirudi kwao wamenuna, wengine wameokota mawe. Ng'ombe naye akarudishwa zizini.

Tulijifunza nini? Mambo yote yaliyowagombanisha yangeweza kuulizwa wiki moja kabla, kwa barua ya ukurasa mmoja. Basi leo tujifunze mambo ambayo mchezaji ayatarajie, na jinsi ya kujitayarisha.

1. Uliza kwanza, kisha andika

Mkipata mwaliko, msikubali kwa mdomo tu. Katibu wa timu aandike maswali haya na kuyapeleka kwa wenyeji:

- Tutacheza siku gani, saa ngapi, na timu gani?
- Kila kipindi ni dakika ngapi?
- Nani anaruhusiwa kucheza? Wa kata tu, au hata wa nje?
- Wachezaji wa akiba ni wangapi?
- Tukitoka sare, tutapiga penalti au tutarudiana?
- Mwamuzi anatoka wapi?
- Zawadi ni nini, na nani anaitunza?

Majibu yaandikwe. Viongozi wa timu zote watie sahihi, na kila timu ikae na nakala yake. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Hata mpira ni hivyo hivyo.

2. Tupige hesabu ya muda

Mchezo kamili wa mpira ni dakika 90, na mapumziko yasizidi dakika 15. Jumla ni dakika 105, yaani saa 1 na dakika 45. Mchezo wa kwanza ukianza saa 8 mchana, utakwisha saa 9 na dakika 45. Wa pili ukianza saa 10, utakwisha saa 11 na dakika 45. Je, wa tatu utachezwa lini? Gizani!

Sasa jaribuni dakika 30 kila kipindi, na mapumziko ya dakika 10. Mchezo mmoja unakuwa dakika 70. Michezo mitatu itaisha kabla ya saa 12 jioni. Kupunguza muda si vibaya, mradi pande zote zikubaliane kabla ya kuanza.

Tena, mashindano si mchezo mmoja. Kwa mtoano, kila mchezo unatoa timu moja. Timu 8 zinahitaji michezo 7 kupata mshindi. Atakayefika mwisho atacheza mara 3. Mkumbukeni Suleiman Nyambui, mkimbiaji wa kutoka Majita katika mkoa wetu wa Mara. Mwaka 1980 huko Moscow alipata medali ya fedha katika mbio za mita 5,000. Kabla ya mbio za mwisho alikuwa ameshakimbia mara mbili za mchujo. Anayemaliza nguvu zote siku ya kwanza, ya mwisho ataikimbia na nini?

3. Uwanja wenyewe

Usitarajie majani laini. Tarajia mashimo, mawe, kinyesi cha ng'ombe na magoli ya miti. Wakati wa kiangazi kuna vumbi, na wakati wa mvua kuna matope. Fikeni saa nzima kabla. Tembeeni uwanja wote, okoteni mawe na miiba, fukieni mashimo. Pimeni magoli pamoja na wenyeji. Upana wa goli kwa sheria ni mita 7.32, na urefu wa kwenda juu ni mita 2.44. Penalti hupigwa mita 11 kutoka mstari wa goli. Muhimu zaidi, magoli yote mawili yalingane.

Huenda hakuna bomba wala kisima karibu. Bebeni maji yaliyochemshwa. Kuleni ugali au uji wa ulezi saa 2 au 3 kabla ya mchezo, si dakika za mwisho. Pombe muiache kabisa.

4. Mwamuzi

Refa naye ni mtu, atakosea. Lakini uamuzi wake uwanjani ndio wa mwisho. Nahodha peke yake aongee naye, kwa adabu. Kama mna malalamiko, yaandikeni na kuyapeleka kwa kamati baada ya mchezo. Jueni pia kwamba timu ikibaki na wachezaji chini ya 7, mchezo hauwezi kuendelea. Kwa hiyo hasira za wachezaji watano zinaweza kuwapotezea ng'ombe kata nzima.

5. Ajali na radi

Mtu akiteguka mguu, msiuvute wala kuuchua. Mwekeeni kitambaa chenye maji baridi, mfungeni bandeji bila kukaza sana, na mguu uinuliwe. Akigongwa kichwa akazimia, msimmwagie maji mdomoni. Akiwa anapumua, mlazeni kwa ubavu, kichwa na shingo msivikunje, mkampeleke hospitali upesi. Hata akizinduka, asirudi uwanjani siku hiyo.

Sehemu zetu zina radi nyingi. Mkisikia ngurumo, acheni mpira hata kama mnaongoza. Msijikinge chini ya mti. Ingieni katika nyumba imara au ndani ya gari lililofungwa madirisha. Subirini dakika 30 baada ya ngurumo ya mwisho. Ng'ombe atapatikana mwaka ujao, lakini kijana aliyekufa harudi.

Ndugu wasomaji, ninyi mnajua kusoma na kuandika. Katika timu ya kijiji chenu, kazi ya kalamu ni yenu. Mkiifanya vizuri, mtakwenda ugenini kwa amani, na mkishindwa mtarudi mkiwa bado marafiki.

Maswali ya kujadiliana

1. Kwa nini mchezo tuliousimulia haukuchezwa? Taja sababu tatu.
2. Timu 16 zikicheza kwa mtoano, michezo yote itakuwa mingapi?
3. Andikeni pamoja barua ya kukubali mwaliko, mkiweka maswali yote saba.