GEGO LA MIAKA SITA

Ndugu msomaji, leo jioni chukua taa, mwite mtoto wako wa miaka sita au saba, mwambie apanue kinywa. Tazama nyuma kabisa, mwisho wa meno yake ya utoto. Huenda ukaona jino pana lenye vijifereji juu, ambalo mwaka jana halikuwapo. Hilo ni gego la kwanza la ukubwani.

Wazazi wengi hawalijui jino hili. Tumezoea kuona jino la utoto likitoka, ndipo la ukubwani liote mahali pake. Gego hili huota mahali patupu, wala halitanguliwi na jino lolote. Basi likianza kuoza mzazi husema, "Liacheni, ni la utoto, litaota jingine." Haliwezi kuota jingine. Likitoka limetoka.

Jino huozaje? Juu ya meno na penye ufizi hukaa utando laini uitwao ukoga. Ndani yake mna vijidudu visivyoonekana kwa macho. Sukari ya chai, soda, biskuti au muwa ikiingia kinywani, vijidudu huila na kutoa asidi, na asidi hiyo huyeyusha ganda gumu la jino kidogo kidogo. Mchana mate hutusaidia kuiosha. Usiku tukilala mate hupungua sana.

Ndiyo maana mswaki wa asubuhi peke yake hautoshi. Wengi wetu hupiga mswaki asubuhi ili kinywa kisinuke mbele za watu. Ni adabu njema, lakini kwa kulinda jino, mswaki wa usiku ndio usiokosekana. Baada ya huo mtoto asile wala asinywe kitu isipokuwa maji.

Mtoto wa umri huu hawezi kazi hii peke yake. Simama nyuma yake, kichwa chake kikiegemea kifua chako, umsugue wewe kwa dakika mbili. Gego linaloota huwa fupi kuliko meno ya mbele yake, kwa hiyo mswaki hupita juu bila kuligusa. Uingize kutoka upande wa shavu. Tumia dawa ya meno yenye floraidi, kiasi cha punje ya njegere. Kwa mtoto chini ya miaka mitatu, punje ya mchele inatosha. Ateme povu, asisukutue kwa maji mengi.

Kama mswaki wa dukani haupo, kijiti cha mswaki kilichotafunwa ncha mpaka kikatoa nyuzi huondoa ukoga vizuri kikitumiwa kwa uangalifu. Kila mtu awe na chake. Mchanga na mkaa viacheni, maana hulikwangua ganda. Nawakumbusha hasa ndugu wa sehemu za Arusha ambako maji yana floraidi nyingi: ile rangi ya kahawia imo ndani ya jino, si uchafu, na mchanga hautaiondoa.

Je, umekuta tayari kuna kitundu cheusi? Usingoje jino liume. Kitundu kidogo huzibwa. Kikifika kwenye mshipa, mara nyingi jino hung'olewa. Mpeleke mtoto kwa mganga wa meno, na ukifika muulize waziwazi kama jino hilo linaweza kuzibwa.