Taarifa za Mikopo: Nani Huzitoa na Nani Hufaidika

Watu wengi husikia kwa mara ya kwanza habari za CRB siku wanaponyimwa mkopo, nao hudhani kuwa ni daftari la wadaiwa sugu tu. Dhana hiyo ilikuwa na ukweli wake. Ubadilishanaji wa taarifa za mikopo ulipoanza nchini Kenya mwaka 2010, benki zilipeleka habari za mikopo iliyokwama pekee. Tangu mwaka 2014 hupeleka pia habari za mikopo inayolipwa vizuri.

Kila mkopeshaji aliyemo hutoa anachokijua juu ya wateja wake, na kwa kutoa hupata kuona wanachokijua wengine. Mteja naye huchangia, ingawa mara nyingi hajitambui kuwa mchangiaji, maana kila rejesho lake huingia katika kumbukumbu. Mama muuza mboga aliyelipa benki moja kwa uaminifu hana haja tena ya kuanza upya kama mgeni kwenye benki nyingine. Hata hivyo, tunakiri kwamba si kila mkopeshaji humpunguzia riba mwenye sifa njema. Itaje mwenyewe unapojadiliana naye.

Ubaya ni kwamba kosa la mmoja huwafikia wote. Nambari ya kitambulisho ikikosewa, au mkopo uliokwisha kulipwa usipofungwa vitabuni, utaonekana mdaiwa kila uendako. Ndiyo sababu kanuni humtaka mkopeshaji akuarifu siku 30 kabla ya kupeleka taarifa mbaya juu yako, na tangu mwaka 2020 deni lililo chini ya shilingi 1,000 halipaswi kupelekwa.

Una haki ya kupata ripoti yako bila malipo mara moja kwa mwaka. Iombe kwa Metropol, TransUnion na Creditinfo, kwani kosa laweza kuwamo katika ripoti moja na lisiwemo katika nyingine. Ilinganishe na risiti zako. Ukiona kosa, liandikie shirika lenye ripoti hiyo pamoja na mkopeshaji aliyeipeleka, ukiambatisha nakala za risiti; zile halisi usizitoe mkononi.

Deni lililocheleweshwa kisha likalipwa halifutiki papo hapo. Kumbukumbu yake hubaki kwa miaka 5 tangu lilipwe, ila huonyesha kuwa limelipwa. Anayekuahidi kukufutia jina kwa ada hana uwezo huo, na fedha utakazompa ni heri uzipeleke kwenye deni lenyewe.