Kufundisha Tofauti ya Ugumu na Ustahimilivu wa Zana

Mara nyingi mwanafunzi huambiwa kwamba zana ngumu ndiyo zana imara. Kauli hiyo hupotosha. Kioo ni kigumu kuliko msumari wa kawaida, lakini kikianguka sakafuni huvunjika. Mtoto asiyetenganisha mambo haya mawili atakuja kuvunja zana ukubwani bila kujua sababu. Ugumu ni uwezo wa kutochubuka. Ustahimilivu ni uwezo wa kutovunjika.

Mfano ufaao ni ncha ya keekee ya kutobolea zege. Ncha hiyo hufanywa kwa kabidi ya tangsteni iliyoshikizwa kwa kobalti, ufundi aliouvumbua Karl Schröter nchini Ujerumani mwaka 1923. Unga wa vitu hivyo viwili huchanganywa, hushindiliwa katika kalibu, kisha huchomwa kwa joto la karibu nyuzi 1400 za Selsiasi. Kobalti huwa majimaji na kuzishika chembe za kabidi. Kabidi huleta ugumu. Kobalti huleta ustahimilivu. Kobalti ikizidi, ncha huchakaa upesi. Ikipungua mno, humeguka ikipigwa. Shule isiyo na keekee itumie kalamu: kitufe kwenye ncha ya kalamu nyingi za wino hufanywa kwa kabidi hiyo.

Hatua za somo

1. Mwalimu mwenyewe ayeyushe nta ya nyuki katika kopo lililowekwa ndani ya maji moto.

2. Afinyange vijiti viwili: cha kwanza cha mchanga mwingi na nta kidogo, cha pili cha nta nyingi na mchanga kidogo. Aviache vipoe.

3. Wanafunzi wabonyeze kila kijiti kwa ukucha, kisha wakipinde, na waandike walichokiona kabla ya kuelezwa lolote.

4. Waulizwe: kipi ni mfano wa zana yenye kobalti nyingi?

Mwalimu akumbushe kwamba huu ni mfano tu. Nta haichomwi kama kobalti.

Mwishowe darasa lijadili namna ya kupata sifa zote mbili. Wahandisi husaga kabidi iwe chembe ndogo zaidi, jambo liongezalo ugumu. Tena, tangu mwishoni mwa miaka ya 1960, huivika zana ngozi nyembamba ya kabidi ya titani: nje hustahimili msuguano, ndani hustahimili kishindo.

Swali la kuwaachia wanafunzi, basi, si "Zana hii ni ngumu kiasi gani?" bali "Itafanya kazi gani?"