Sukari, mentholi na mwanga unaogeuka

Swali: Mimi ni mwanafunzi wa kemia hapa Mbaraki, Mombasa. Nasikia sukari ya meli hupimwa kwa mwanga. Hesabu yake inakwendaje? Na enantioma zikichanganyika?

Jibu: Ni kweli, sukari hupimwa hivyo duniani kote; soko la New York huuza sukari mbichi kwa kigezo cha digrii 96, ambapo 100 ni sukrosi tupu. Mwanga unaotetemeka katika bapa moja ukipita ndani ya sukari iliyoyeyushwa, bapa hilo hugeuka, na polarimita husoma pembe yake.

Kupata pembe hiyo, zidisha mambo matatu: mzunguko mahususi, urefu wa mrija kwa desimita, na gramu kwa kila mililita. Mzunguko mahususi wa sukrosi ni +66.5°. Ukiyeyusha gramu 10 mpaka ujazo ufike mililita 100, kwenye mrija wa sentimita 10, utapata 66.5 × 1 × 0.10 = +6.65°. Wengi hukosea kwa kuandika 10 badala ya 1: sentimita 10 ni desimita moja.

Enantioma ni kama mkono wa kulia na wa kushoto: pembe ni ileile, mwelekeo ni kinyume. Nusu kwa nusu hutoa sifuri. Mzunguko mahususi wa mentholi ya mnanaa ni −50°. Sampuli ikikokotolewa −30°, gawanya: 30 ÷ 50 = 60%. Hiyo ni ziada ya aina hasi. Asilimia 40 iliyobaki imegawanyika sawasawa, kwa hiyo una 80% ya aina hasi na 20% ya aina chanya.

Daima andika halijoto na kiyeyushi. Vikibadilika, pembe nayo hubadilika.