Mtoto Akikosa: Wajibu wa Walii na Kazi ya Kamati

Bismillahir-Rahmanir-Rahim. Himdi zote ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume Muhammad na Aali zake na Sahaba zake. Ama baad.

Jua, ewe ndugu Muislamu, ya kuwa somo hili ni la mtoto akosaye na wazazi wake. Mfano wake ni huu: kijana wa miaka 13 katika kata ya Kinjumbi, wilaya ya Kilwa, naye hajabaleghe, amechukua gunia la ufuta la jirani akaliuza. Amekamatwa. Watu wataka kumpiga, jirani ataka mali yake, na baba kwa hasira na haya asema, "Mchukueni, si mwanangu tena." Basi sharia yasemaje juu ya kila mmoja wao?

MAS-ALA YA KWANZA: Mtoto. Imepokewa kwa Mtume, rehema na amani zimshukie, ya kuwa kalamu imeinuliwa kwa mtoto hata abaleghe. Na kubaleghe katika madhehebu ya Imamu Shafii ni kwa kuota, au kwa hedhi kwa mwanamke, au kwa kutimiza miaka 15 ya mwezi, ambayo ni kama miaka 14 na nusu ya jua. Basi kijana huyu hana hadi juu yake. Lakini akiwa mumayyizi, apambanuaye jema na baya, yapasa atiwe adabu, wala asiachwe akadhani kuwa alilotenda ni halali.

MAS-ALA YA PILI: Jirani. Haki ya mja haiondoki kwa utoto wa mwenye kukosa. Ufuta ukiwapo hurudishwa, na ukiwa umepotea hulipwa katika mali ya mtoto. Asipokuwa na mali, hubaki deni juu yake hata apate. Baba halazimiki kulipa kwa mali yake mwenyewe, lakini akilipa ametenda ihsani, na amezima fitina baina ya nyumba mbili.

MAS-ALA YA TATU: Watu wa njiani. Hawana ruhusa kumpiga. Kumtia adabu ni kwa mzazi, na kwa mwalimu aliyepewa idhini, na kwa hakimu. Nako kuna mpaka, kusijeruhi wala kusivunje. Wanavyuoni wa Kishafii wamesema ya kuwa hata baba au mwalimu, adabu yake ikimwangamiza mtoto, yuko katika dhamana. Ikiwa baba hakusalimika, atasalimikaje mpita njia mwenye fimbo?

MAS-ALA YA NNE: Baba. Hapa ndipo wengi walipokosea. Wadhani ya kuwa kalamu ikiinuliwa kwa mtoto, jambo limekwisha. Sivyo. Dhambi ya mtoto haiandikwi kwa baba, lakini wajibu wa kumfunza na kumlinda umeandikwa kwa baba na mama, nao wataulizwa. Kusema "si mwanangu" hakukati nasaba wala hakuondoi wajibu.

FASLI: Sheria ya nchi. Katika Tanzania Bara, mtoto wa chini ya miaka 10 hashtakiwi kwa jinai, na wa chini ya 12 hahukumiwi ila ithibitike ya kuwa alijua ubaya wa alilotenda. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 imemhesabu mtoto kuwa ni kila aliye chini ya miaka 18, ikaweka Mahakama ya Watoto, isikizayo kwa faragha, na mzazi au mlezi ana haki ya kuhudhuria. Sheria hiyo imekataza mtoto kuhukumiwa kifungo cha gerezani. Awezapo kupelekwa ni shule ya maadilisho, kama ile ya Irambo, Mbeya, nako ni mbali sana na Kinjumbi.

Afisa wa ustawi wa jamii huchunguza hali ya nyumba ya mtoto na kuieleza mahakama. Tena mtoto huweza kuachiliwa kwa dhamana ya mzazi wakati shauri likingojewa. Basi baba akikataa kwenda, ni nani atakayemdhamini? Na afisa ataandika nini juu ya nyumba isiyo na mtu wa kujibu? Hasira ya siku moja yaweza kumtenga mtoto na nyumbani kwao miaka.

TANBIHI: Mtu asiseme ya kuwa miaka 18 yapingana na miaka 15 ya fikihi. Kubaleghe ni mpaka wa ibada na dhambi. Na katika aya ya 6 ya Suratun-Nisaa, yatima hakabidhiwi mali yake kwa kubaleghe tu, ila rushdi yake ionekane. Basi kubaleghe si kuachwa peke yake.

FASLI: Kamati. Kwa mpango wa taifa wa kuondoa ukatili dhidi ya wanawake na watoto, ulioanza mwaka 2017/18, zimewekwa kamati za ulinzi tangu taifa na mkoa hata kata na kijiji. Katika mambo ya mpango ule mna malezi na kuitengeneza jamaa, na mna kusimamia sheria. Yote mawili pamoja. Kazi ya kamati ya mkoa ni kuwaunganisha polisi, mahakama, ustawi, elimu na afya. Lakini kamati iliyoko Lindi haimjui mtoto wa Kinjumbi ila wa kijijini waseme. Basi mwalimu wa chuo akiitwa asikatae, na asipoitwa na aende: amwambie afisa alijualo la kweli katika tabia ya mtoto, ampoze baba, amsuluhishe jirani, na mtoto arudishwe chuoni wala asiitwe mwizi mbele ya wenziwe.

KHATIMA: Katika siku ile, la kwanza ni kumwondoa mtoto mikononi mwa wenye fimbo, la pili, baba au mama, au mjomba ikiwa wao hawapo, kumfuata alikopelekwa, la tatu, kumpa jirani haki yake, la nne, kuiarifu kamati ya kijiji. Kalamu iliyoinuliwa kwa mtoto ni rehema kwake, wala si ruhusa kwa walii kulala.

Wallahu aalam.